Chumvi ya Ng'ombe Kwenye Mnafu wa Yustina

Michenga, Ifakara

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza goti lako: linakuruhusu kufika kisimani, au bado dada anakuchotea? Mimi mwili ni mzima.

Tangu tumzike mke wangu Yustina nimebaki na tuta lake la mnafu. Alilipanda wiki moja kabla ya kufariki, kwa mbegu za mama yake wa Mahenge. Mbegu nyingine hakuna, hata kwa mama mkwe mwenyewe. Alituma neno kwamba atakuja kuzichukua zikikomaa.

Mvua ikaleta konokono, wale wasio na gamba. Kila alfajiri majani yalikuwa matundu matupu. Yustina alikuwa akiwaokota kwa vijiti viwili, huku akiwasemesha kwa Kipogoro kama watoto watukutu. Mimi nilishindwa. Nikawakata kwa wembe, kisha nikawamwagia maji ya moto. Siku ya tatu nikachukua chumvi ya ng'ombe, nusu mfuko, nikaitawanya kwenye tuta. Wakajikunja, wakatoa povu, wakayeyuka. Niliwatazama mpaka wa mwisho, na nilifurahi, mama.

Asubuhi nilipofungua zizi, ng'ombe hawakuelekea malishoni. Walinusa chumvi, wakavunja uzio, wakalamba udongo na kung'oa mizizi. Mtamba mwekundu ndiye aliyetangulia. Nilimpiga kwa mchi mpaka pembe ikavunjika, damu ikamwingia machoni, na bado alikuwa analamba.

Jioni mama mkwe akafika, akidhani mbegu zimekomaa.

"Mkwe, huyu mnyama kafanywa nini?"

"Nimempiga, mama. Amekula mnafu wa Yustina."

"Na chumvi alimwaga nani?"

Alichuchumaa, akapekua udongo, akakuta mashina matatu pembezoni, ambako chumvi haikufika. Akaniambia nimtandikie mkeka.

"Sirudi Mahenge mpaka haya yatoe mbegu."

Najua kwetu mkwe halali nyumba moja na mama wa mkewe. Nimemwachia nyumba, nalala zizini. Wazee usiwaambie.

Nisalimie kaka mkubwa, dada anayekuchotea maji, na shangazi aliyemfunda Yustina kusonga ugali wetu.

Kila alfajiri tunasaka konokono pamoja, yeye upande ule, mimi upande huu. Anawasaga juu ya jiwe kwa kidole gumba, na kwa kila mmoja anataja jina la mwanawe.

Mimi mwanao,
Masanja