Lenzi Isiyovuta

Kwa ndugu yangu Mwenda,

Hamjambo huko Ruiri? Mmeamkaje, na Mama amelalaje? Hilo la Mama ndilo ninaloamka nalo kila siku kabla sijanawa uso, kwa hivyo usinione kama nimeharakisha salamu. Mimi na Makena tuko sawa kwa mwili. Baridi ya huku Kanada imeanza kushika, na vidole vyangu vimepasuka kwa dawa za kufulia mashuka ya hospitali, lakini kazi ipo na Makena anaenda shule. Kwa roho siko sawa, na sitakudanganya.

Kifurushi hiki nimempa mama mmoja wa kanisa letu anayekuja Meru, akuletee mpaka studio yako ya picha hapo karibu na soko la Gakoromone. Najua umefungua boksi kabla ya barua. Umeona si lenzi uliyoagiza, na sasa umekasirika. Kasirika, lakini soma hadi mwisho.

Mwezi uliopita nilikuomba picha ya Mama, ukanitumia. Aki Mwenda, niliifungua wakati wa chai kazini nikaenda kulilia chooni. Si kwa sababu amekonda. Kansa ya koo haimwachi mtu na mwili, na hilo nilikuwa nimejitayarisha nalo. Nililia kwa sababu sikumwona. Amevaa nguo ya kanisa na kitambaa cheupe, mikono imenyooka juu ya magoti, uso umekauka kama wa kitambulisho. Si unamjua, akiona ile lenzi yako kubwa anaanza kujipanga. Na wewe ukasimama huko langoni, ukamvuta kutoka mbali, na nyuma yake kila kitu kikayeyuka. Hakuna jiko, hakuna ng'ombe, hakuna yale mabati aliyopaka rangi mwenyewe. Ni mgonjwa na kiti tu. Hiyo ndiyo picha watu huweka juu ya jeneza. Mtaiweka, na mimi nitaitazama kwa simu kama mgeni.

Sitaki iwe hiyo. Nataka sura ya Mama akiwa Mama, kabla hajatuacha, na daktari aliposema mumrudishe nyumbani tulielewa sote alichomaanisha. Mimi siwezi kuja. Paspoti yangu imeshikwa na serikali ya huku mpaka kesi ya makaratasi yangu ya kuishi huku isikizwe, na wakili ameniambia wazi kwamba nikilazimisha kuondoka sitarudi, na Makena maisha yake yote yako hapa. Nimeuliza mara tatu, kwa watu watatu tofauti. Wote wamenijibu hivyo hivyo.

Kwa hivyo nimebaki na wewe tu.

Uliniandikia unataka ile lenzi ndefu, inayomvuta bibi harusi kutoka mwisho wa kanisa. Naelewa. Nimefanya kazi na wewe miaka minne, nikipiga picha za harusi kutoka upande wa wakwe, najua watu wetu walivyo. Ukitokea na lenzi ndogo wanauliza mpiga picha atafika saa ngapi. Nakumbuka ile harusi ulipoivalisha lenzi ndogo kofia ya lenzi kubwa ukaikaza na selotepu, kofia ikaanguka kwenye bakuli la supu ya mjomba wa bwana harusi, na mjomba akakurudishia akidhani ni kikombe chako. Mama alicheka siku mbili. Kicheko hicho ndicho ninachokitafuta, Mwenda.

Jumamosi tatu nimeenda kwa duka la kamera la mtumba. Mwenye duka ni mzee mpole, amenivumilia. Kwanza nilishika ile yako ndefu. Zaidi ya kilo moja kabla hujaiweka kwa kamera. Nikajiuliza, huyu atatembea nayo na Mama kutoka jikoni hadi kwa ng'ombe? Hataweza. Atatafuta mahali pa kusimama, na atasimama mbali.

Ya pili ilikuwa nyepesi, ya kuvuta kidogo tu, inachukua boma lote na pia sura ya mtu mmoja. Mzee akaniambia watu wanaotembea na kamera siku nzima huchukua hiyo. Na ni kweli, ni lenzi nzuri. Nilikuwa tayari nimeiweka kwa kaunta.

Halafu nikakumbuka alichoniambia Mama kwa simu. Sauti yake sasa ni ya kutafuta kwa sikio, lakini mdomo wake haujabadilika. Alisema, "Mwenda huja kila jioni. Husimama mlangoni kama mtu wa kusoma mita, anauliza kama nimekula, anaenda." Nikamuuliza kama anakasirika. Akasema, "Nimkasirikie kwa nini? Ananiogopa. Hata babako alipougua, yeye alikuwa anafunga ng'ombe siku nzima."

Nikaiondoa ile ya pili kwa kaunta.

Hii uliyoshika sasa ni ya tatu. Ni nyembamba kama kopo la rangi ya viatu. Usifikirie nimechagua ya bei ndogo. Inaingia kwa kamera yako, niliuliza mara mbili. Inapenda giza, kwa hivyo itafanya kazi ndani ya lile jiko la Mama lenye dirisha moja bila kumpiga na flashi. Ikiwa imening'inia shingoni mwako hataiona kama kamera. Lakini haivuti. Kile unachokiona ukiwa umekaa upande wa pili wa meza ndicho inachokiona. Ukitaka sura yake, miguu yako ndiyo itaenda.

Nilikuchagulia kwa makusudi.

Siku mbili tatu za kwanza usipige chochote. Ivae tu, ukae naye. Mchambulie maharagwe hata kama hatayala. Mpeleke kwa ng'ombe, amgombeze vile humgombeza. Usimwambie abadilishe nguo. Akikuuliza hiyo ni nini, mwambie Kendi ametuma. Akizoea, piga. Piga akifunga mdomo kwa mkono anapocheka, kwa sababu ya lile pengo. Piga vidole vyake. Mimi vidole vyake nimeanza kuvisahau, na hilo linanitisha kuliko kesi.

Nisalimie mke wako Gatwiri, anayemnywesha uji kijiko kwa kijiko. Mwambie namwombea kila asubuhi, na kwamba kazi anayofanya ilikuwa yangu. Msalimie shangazi yetu anayelala chumbani kwa Mama, na yule jirani anayetukamulia. Makena anawasalimia wote. Anauliza kama nyanya yake anajua kuongea Kiingereza, nikamwambia anajua kunyamaza kwa Kiingereza.

Jambo la mwisho. Kabla ya kuifunga hii lenzi niliijaribu kwa Makena akiwa amelala kwa kiti. Ili sura yake ijae, ilibidi nikaribie mpaka nikasikia pumzi yake na harufu ya mafuta kichwani mwake. Umbali wa mkono, Mwenda, si zaidi. Kwa Mama utasikia ile pumzi yenye shida. Najua hiyo ndiyo unayoikimbia, na sikulaumu, hata mimi nikiisikia natamani kukata simu. Lakini mimi nimezuiwa na serikali na bahari. Wewe umezuiwa na mlango ulio wazi.

Kama bado hutaki lenzi hii, iuze, ujinunulie ile ndefu, sitakuuliza. Ila kwanza nitumie picha moja, moja tu, ya sura yake imejaa. Sitaangalia kama imetoka safi au imetikisika. Nitaangalia ukubwa wa sura yake, na kwa kuwa lenzi hii haiwezi kuvuta, nitajua ulikuwa umekaa wapi. Nitajua alikuwa na mtoto wake mmoja karibu.

Ni mimi dada yako, ninayemshika Mama kwa mikono yako,

Kendi