Hirizi ya Bibi Truphosa

Shoga, bado siamini! Bibi Truphosa kanisimulia sasa hivi alichofanya kanisani Pasiansi mwaka 1956.

Zamu ya ushuhuda ilipofika, watu walishukuru kwa mvua na samaki, basi. Bibi akasimama, akafungua hirizi kiunoni mwa mwanawe, akaiinua juu. Kanisani, shoga! "Mtoto aliugua, nikaogopa, nikaenda kwa mganga. Sikumngoja Mungu."

Okwach, mzee wa kanisa, akafoka: "Kaa chini, mama, unatuaibisha!"

"Sikai."

SIKAI! Mtoto kambeba, na hakukaa mpaka alipomaliza.

Nyumbani akalia, akijua amejimaliza. Miaka mitatu alisali pale, na hakuna mwanamke aliyewahi kumbishia hodi.

Jioni ileile wakaja sita, kila mmoja na hirizi yake kiganjani. Wakazichoma mafigani kwake, wakisimuliana hofu zao, mara wanalia, mara wanacheka.

Hodi ya saba, nani? Okwach! Kaja na yake, kaificha kwapani, macho yanatafuta kigoda.

Bibi akamzuia mlangoni: "Karibu, mzee. Ila hapa kwangu hukai mpaka useme."