Divai Yetu Haiombi Utamu

Nyumba ya juu, Mteremko wa Mawe,
Jumapili, miezi miwili baada ya kuchuma.

Mpendwa Dada,

Kaa chini kwanza, maana anayekuandikia ndiye bingwa wa divai kuliko wote waliowahi kukanyaga zabibu. Ndege wakiniona wanatua wanisalimie. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Na shemeji bado anakoroma kama mashine ya kusaga? Sisi wazima, ila Mama anasema kinachonenepa kwangu ni mdomo tu.

Mwaka huu zabibu zimetukubali. Zile nyeupe za ngozi nyembamba, kwenye mawe ambayo hata mbuzi huyapita bila kuinama. Ukiionja divai yake ni kama umelamba jiwe lililonyeshewa, halafu limao likakupigia hodi.

Sasa sikia. Alikuja mnunuzi, yule tuliyembatiza Miwani. Anataka tuwe tunaizuia hamira kabla haijamaliza kula sukari ya zabibu, divai ibaki tamu, eti mjini ndiyo wanayoitaka. Majirani wote wa mteremko wamekubali. Sisi tukikataa, hanunui hata pipa.

"Bwana Mkubwa," nikamwambia, "ukitaka sukari, duka liko pale chini."

"Wewe kijana, shule uliishia wapi?"

"Pale mwalimu alipochoka."

Mama akanifinya. Babu akacheka mpaka akakohoa. Lakini Miwani naye mjanja: akamimina glasi tatu, moja yetu na mbili za majirani, akasema tukiitambua yetu kwa ulimi, ataichukua hivyohivyo ilivyo, kavu, yaani bila sukari.

Dada, niliitambua! Nimefumba macho, sikubabaika. Kachukua mapipa yote, na hakuna chembe ya utamu ndani. Waambie huko uliko: wakitaka tamu, wakanunue asali. Mwakani akirudi na maneno yake, atanikuta mlangoni.

Msalimie shemeji, na watoto wabusu mpaka wakimbie. Mungu awakinge na baridi ya huko, awape majirani wenye kucheka.

Sasa lile ninalolizunguka. Wa kwanza kuonja sikuwa mimi. Alikuwa Babu, aliyeipanda mizabibu hii kwa mikono yake. Akaonja zote, akainua ile tamu kuliko zote, ya jirani, akatabasamu: "Yetu hii hapa, mjukuu wangu." Nikapiga kelele kwamba mzee anatania, nikaikwapua glasi. Miwani akaangalia viatu vyake. Tangu siku ile Babu hajashuka kwenye mapipa, wala hajaniuliza yetu ilikuwa ipi.

Mdogo wako, anayekukumbuka hata akijisifu,
Kidomo