Habari za Mama Zilizokwama Kwenye Diski

Kahama,
14 Machi, 1998

Kwako kaka Marcel,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe, wifi Justa na watoto, na kile kikohozi chako kimepoa. Sisi hapa tunapumua. Baba amerudi kutoka hospitali na uji anakunywa bila kubembelezwa, ingawa upande wa kulia umepooza na maneno hayatoki. Mkono wa kushoto anauinua vizuri. Barua hii nimeianza asubuhi. Naandika mistari miwili, naenda dirishani, narudi, nainuka tena. Ukiona mwandiko unayumba, univumilie.

Unajua kwamba tangu mwaka juzi Baba alikuwa akija dukani kwa Sunil, pale ninapopiga chapa, kunisimulia maisha yake. Yeye alisema Kisumbwa, mimi nikageuza Kiswahili moja kwa moja kwenye kompyuta. Nilitaka yakamilike kwanza ndipo niyatoe kwenye karatasi tuyatie jalada. Siku alizosimulia habari za Mama, walimu walikuwa wamenisimamia kichwani na mitihani yao. Mpiga chapa akiwa na haraka huona herufi tu, habari yenyewe haimfikii. Nikajiambia nitaisoma baadaye nikitulia. Wewe Mama ulimjua, kaka. Mimi aliniacha bado nanyonya.

Basi, wiki ile ile Baba aliyoanguka, kompyuta nayo ikagoma. Kioo kiliandika kwamba diski haionekani, ile ya ndani inayotunza kila kitu. Sunil alisema huenda ni waya, akabadilisha waya. Akasema huenda ni huu umeme wetu wa kukatikakatika umeharibu kitu kingine, akaihamishia kwenye kompyuta ya baba yake. Kimya vile vile. Mwishowe akaitegea sikio, akasema umeme unaifikia, ila inajaribu kuzunguka inashindwa. Kuna kitu kimeganda ndani.

Sikuogopa sana, kwa kuwa nyumbani nilikuwa na disketi ya akiba. Kumbe shemeji yako Sostenes aliikuta mezani, akahofia watoto wataikanyaga, akaibana kwenye mlango wa kabati la chuma kwa sumaku yake, ile anayotolea mchanga mweusi kwenye vumbi la dhahabu anaponunua kwa wachimbaji huko Geita. Alinionyesha kwa fahari kabisa, akasema hapo haipotei. Kaka, sumaku hufuta disketi kama dasta ifutavyo ubao. Hakujua, masikini. Wanunuzi wenzake hubana kila kitu kwa sumaku, hata picha za harusi. Nilimnunia hadi akaanza kujichemshia chai mwenyewe.

Sunil akasema limebaki jambo moja, nalo ni la kubahatisha. Akaishika diski kiganjani, nyaya zikiwa zimeunganishwa, akawasha, kisha akauzungusha mkono ghafla kama mtu anayefungua kifuniko kilichokaza. Ikavuma. Akanionya kwamba ikizima pengine haitaamka tena, hivyo nianze kunakili kile ninachokipenda kuliko vyote. Hapo ndipo nilipokwama, maana mafaili nilikuwa nimeyapa namba tu, BABA1, BABA2, na kuendelea, wala sikukumbuka Mama yuko katika lipi. Kuyafungua moja moja kungekula muda. Nikaanza na la kwanza. Utoto wake ulitoka. Safari ya miguu kwenda misheni ya Ushirombo ilitoka. Ukatekista, ng'ombe waliokufa, vyote vilitoka. Kisha ikaanza kugongagonga, ikanyamaza. Sunil alijaribu tena na tena hadi shati likalowa, akaniomba radhi kana kwamba kosa ni lake.

Sasa nikwambie kinachonifanya nisitulie kitini. Baba anapenda nimsomee jioni. Nilipofika mwisho wa zile kurasa zilizookoka, aliendelea kuniangalia. Alikuwa anamngoja Mama. Sikuweza kumwambia kwamba amepotea. Nikashika karatasi tupu, nikaanza kusoma.

Namtunga Mama yetu, kaka. Nikikosea, Baba huinua mkono, nami nabadilisha. Nilisema alikuwa mrefu, akauinua; nikasema mfupi, akautuliza. Ndivyo ninavyompata, kidogo kidogo: mfupi, mcheshi, mwoga wa radi. Lakini Jumapili nilisoma kwamba alikuwa akiimba anapotwanga, na kwamba hata alipokuwa hoi kitandani aliniimbia mimi. Baba hakuinua mkono. Alilia. Sijui kama ni kweli, au ameniacha nibaki nalo kwa kunihurumia. Natamani liwe kweli kiasi kwamba najiogopa, na tangu siku hiyo sijathubutu kumsomea tena.

Wewe ulikuwa umeshaanza shule, lazima unakumbuka. Ukipata ruhusa kazini, njoo ukae naye, umsimulie wewe unayejua.

Sostenes anakusalimu sana, na wapwa zako wanakuamkia. Mpe wifi pole ya mvua na mabusu kwa watoto. Kama huwezi kuja upesi, basi andika, na wala usihangaike na barua ndefu wala kunionea huruma. Nijibu hili tu: Mama alikuwa akiimba?

Ni mimi mdogo wako,
Apolonia