Majina ya Watu Wake Niliyoyaruka

Kagugu, Kigali, Jumanne. Mvua imekata tangu mchana, ila mimi bado nimenuna. Namshuku mtu, na kibaya zaidi najishuku mwenyewe.

Leo nimetafsiri kwenye mkutano wa kimataifa wa haki za ardhi, Kihispania kwenda Kiswahili. Kihispania nilikisomea Kuba, Kiswahili nimekulia nacho Ngara, Tanzania. Mgeni wangu alikuwa Bi Rayén, Mmapuche, mmoja wa wenyeji wa asili wa kusini mwa Chile. Serikali yake inamtaka aingie kwenye tume ya ardhi, na kesho asubuhi atatoa jibu lake hapo hapo mkutanoni.

Mama huyu akisimama haanzi na hoja. Anaanza na mto wa kwao, ukoo wa baba, ukoo wa mama, kisha waliomtuma. Kwao ndiyo salamu. Mimi kusikia ukoo tu, nikaogopa kuutaja. Hapa Kigali, tangu mauaji ya kimbari, mtu haulizwi hadharani anatoka kwa nani, tunajua tulikopita. Nikasema, "Anawasalimu nyote."

Dakika nne nzima, maneno mawili!

Wakati wa chai, afisa wa serikali yake aliyefuatana naye akanijia akitabasamu. "Asante," akasema, "umefupisha vizuri."

Ananishukuru kwa lipi?

Nimefika nyumbani, nimesikiliza rekodi upya. Mama wee! Katikati ya salamu, kati ya bibi yake na ule mto, alisema kiti cha tume akikikubali si chake, ni cha waliomtuma, na siku yoyote wanaweza kumwita arudi. Sharti lake lote lilikuwa humo. Muhtasari wa mkutano umeandikwa kutokana na maneno yangu, nao unasema tu "yuko tayari kushiriki". Watu wake wakiusoma watamwona amejiuza.

Afisa alisikia kila neno, Kihispania ndiyo lugha yake ya kuzaliwa. Labda naye alidhani ni salamu tu? Thubutu! Lakini aliyeruka ni mimi, yeye alinyamaza tu.

Tulipoagana Bi Rayén alinishika mkono akaniuliza kama nimewafikisha watu wake. Nikamjibu, "Wote." Naona aibu hata kuandika.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho nitamwambia ukweli kabla hajaingia ukumbini, kisha nitaomba kipaza sauti. Majina yote nimeyaandika kwenye karatasi, na mto wao, na lile sharti.

Afisa akiniashiria nifupishe, nitakuwa nimepata jibu langu. Na nitaendelea kusoma.