Hina kwenye vidole vya Zuhura

Handeni, Jumapili, mwezi wa sita

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi la mtaa wetu wa Chanika limeingia mpaka kwenye sufuria ya wali. Nimekasirika. Nimejiapiza kwamba leo nitaandika yote hapa mtandaoni bila kuficha, hata yale ambayo mama angesema ni ya ndani ya nyumba, maana hayo ya ndani ya nyumba ndiyo yanayomuumiza mdogo wangu.

Mdogo wangu anaitwa Zuhura, yuko darasa la tatu. Mwaka jana alikuwa anapanda mpapai wa uani kabla hujamaliza kumkataza. Mwaka huu, masika yalipoanza, akawa hawezi kuinuka kutoka kwenye mkeka bila kushika ukuta. Akaacha kuchana nywele mwenyewe kwa sababu mikono haikai juu. Kope zake zikawa na rangi ya zambarau, na kwenye vifundo vya vidole vikatoka vipele vyekundu vyenye magamba.

Sasa wasikie watu wazima.

Mwalimu wake alisema ni uvivu, akampigisha magoti mbele ya darasa. Muda wa adhabu ulipokwisha Zuhura hakuweza kusimama. Darasa likacheka, na mwalimu naye akacheka. Jirani mmoja akasema ni mchango, yale maradhi ya tumbo la watoto. Mwingine akasema amekanyaga kitu njiani. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, yeye alisema amerogwa, akamtaja na aliyeroga, akamalizia kwamba mtoto huyu hatembei tena. Aliyasema haya akitafuna maandazi yetu, Zuhura amekaa palepale anamsikiliza.

Ninawadharau. Nimelelewa kwa adabu na kila asubuhi nawaamkia wote hao shikamoo. Ni mdomo tu unaosema.

Mwezi uliopita mama alisikia kwamba daktari bingwa wa watoto atakuja hospitali huko Korogwe kwa siku chache. Baba akakubali. Jioni ya kuamkia safari shangazi akaja na bakuli la hina na kichupa cha piko, ile rangi nyeusi.

"Mtoto wa watu anaenda mbele ya daktari na vidole kama miguu ya kuku? Mtatuaibisha. Lete mkono, mwanangu."

Akampaka. Hakumpaka maua kama ya bi harusi, alimpaka vidole vizima, kuanzia vifundoni mpaka kwenye kucha na nyama ya pembeni yake, piko juu ya hina, mpaka ile mikono ikawa kama imechovywa kwenye oili chafu. Vipele havikuonekana tena. Shangazi akainua mkono wa mgonjwa, akautazama, akatabasamu. Mama aliendelea kukunja nguo za safari. Mama hunyamaza kila wifi yake anapoingia mlangoni.

Korogwe tulienda sote, shangazi naye akiwemo. Daktari alikuwa dada mwembamba mwenye sauti ya chini. Alimwambia Zuhura alale chali kisha ainue shingo, ikagoma. Akamwambia akae chini ainuke, akamwona anavyojipanda mapajani kwa mikono ili asimame. Akatazama kope. Akauliza kama chakula humkwama kooni, kama ana vidonda vya ngozi, na dalili zilianza lini. Kisha akachukua kioo cha kukuzia chenye taa, akadondosha tone la mafuta pembeni mwa kucha, akainama.

Akahamia kidole kingine, halafu kingine. Akakiweka kioo mezani.

"Nani kampaka huyu?"

"Mimi, daktari," shangazi akajibu kwa furaha. "Na ya miguu nimeibakiza, muda ulinibana."

Daktari hakumgombeza. Mimi ningemgombeza. Alieleza taratibu kwamba kinga ya mwili wa Zuhura imegeuka na inashambulia misuli na ngozi yake mwenyewe. Hajarogwa na si mvivu. Akasema watoto wa ugonjwa huu hawafanani: wapo wanaougua mara moja wakamaliza, wapo ambao ugonjwa huwaacha kisha ukawarudia, na wapo ambao hukaa nao miaka. Hakuna anayeweza kuapa, ila mapema kabisa mwili hutoa dokezo. Vidonda vya ngozi ni dokezo. Shida ya kumeza ni dokezo. Kuchelewa kuanza dawa kunaharibu mengi. Na pembeni mwa kucha kuna mishipa myembamba ya damu inayoonekana bila kumpasua mtu: ikiwa imejipanga sawasawa kama meno ya kitana, kuna matumaini zaidi, ikiwa imevimba au imepotea, mgonjwa huyo afuatiliwe kwa karibu sana na dawa ziongezwe nguvu mapema.

"Na ya huyu ikoje?" baba akauliza.

"Sijui, mzee. Sioni. Rangi imefunika."

Nilimpenda hapohapo. Katika watu wote waliomtazama Zuhura tangu masika, huyu peke yake alisema hajui.

Akachukua damu. Dawa, alisema, hazisubiri kucha. Zuhura alianza kumeza vidonge siku ileile, na tukaambiwa visikatishwe ghafla hata kama anaonekana amepona, maana kuvikatisha ghafla ni hatari yenyewe. Tukaambiwa pia asikae juani. Na tumrudishe daktari atakapokuja tena, rangi ikiwa imetoka, ili amtazame vizuri na aamue kama vidonge vinatosha au aongezewe dawa nyingine.

Siku hiyo ni Ijumaa hii.

Ungedhani shangazi angeona haya. Thubutu! Tangu tulipotoka Korogwe anazunguka mtaani akisema, "Daktari bingwa mzima kamtazama mtoto vidole vyote, hakuona kitu." Kaziba dirisha kwa rangi, halafu anamcheka mtu kwa kutoona ndani. Na kuna watu wanatikisa kichwa, wanasema kweli, hospitali haziwezi mambo haya.

Zuhura alipokonda, ulikuwa uchawi. Vidonge vimemjaza mashavu, daktari alituambia mapema kwamba vitamjaza mashavu, sasa ni sumu ya hospitali. Juzi amevuka kizingiti cha jikoni bila kushika mlango. Nimeona kwa macho yangu. Nilimwonyesha shangazi, akasema, "Ndivyo wanavyofanyaga, wanaamka kidogo kabla ya kuanguka moja kwa moja." Huwezi kumshinda mtu wa namna hii. Akipona alitabiri, asipopona alitabiri.

Anataka Ijumaa, badala ya kwenda Korogwe hospitali, tushukie Mnyuzi, kwa mzee anayetibu kwa moshi na chale. Na huyo mzee ana sharti: vidonge vya hospitali viachwe kwanza.

Jana niliwasha tochi ya simu, nikamdondoshea Zuhura mafuta ya kupikia pembeni mwa kucha, nikatazama kwa lenzi ninayotumia kwenye Biolojia shuleni. Ngozi imeshatakata. Niliona vimistari vyekundu. Vingine vimenyooka, vingine sikuvielewa.

"Vinasemaje, dada?" akauliza.

"Vinasema una kucha chafu."

Akacheka. Sikumwambia zaidi, na hata hapa siandiki nilichofikiri. Siwezi kuwadharau waganga wa barazani wote hawa halafu nikavuta kiti nikakaa nao.

Leo baada ya adhuhuri nilimkuta baba peke yake anachonga mpini wa jembe. Nikamwambia yote niliyoandika hapa, kwa heshima, bila kumtukana dada yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Baba si mjinga, nataka hilo lieleweke. Amechoka, na anasikia sauti moja kutwa nzima.

Akasema, "Mwanangu, wewe unasoma kitabuni, shangazi yako anaota. Mimi sijawahi kumwona mtu aliyeumwa hivi. Nionyeshe mmoja tu. Mtu mzima sasa, aliyeumwa hii misuli utotoni, akatibiwa hospitali. Nimsikie mwenyewe kwa sikio langu, aniambie mwanzo ulikuwaje na mwisho umekuwaje. Nikimsikia, Ijumaa tunaenda Korogwe."

"Na nisipompata?"

Akaendelea kuchonga.

Kwa hiyo sikuombi pole wala dua, na kama una jina la mganga kaa nalo. Nataka mtu mmoja. Si lazima awe amepona kabisa. Kama ugonjwa ulimrudia, aseme ulimrudia, baba anaujua ukweli anapousikia. Majibu yanafika chini ya ukurasa huu, na nitafungua kila jioni.

Wewe uliyekuwa mtoto ukashindwa kuinuka, wakakucheka, ukatibiwa, na leo ni mtu mzima unayesoma hapa: utazungumza na baba yangu kabla ya Ijumaa?