Viti vya Stoo

Jumatano, baada ya magharibi

Na bado nikamwambia asante. Najichukia.

Mashirika matatu yamepanga jengo moja hapa Lushoto: la miti, la maji na la mboga. Soko huria limewafundisha kubana matumizi, basi mlinzi, fundi na mfagizi wao wote ni mimi peke yangu. Bomba likivuja, wananiita watatu kwa pamoja.

Ijumaa tulimzika mama kule Mgwashi. Kila gari lililopanda nilinyoosha shingo. Hakuja bosi hata mmoja.

Leo bosi wa miti, kijana ambaye ningeweza kumzaa, akanishika mkono. “Shikamoo mzee. Pole sana. Tulijua wenzetu wa maji watatuwakilisha.”

Wa maji walitegemea mboga. Mboga walitegemea miti.

Kabla hajauachia mkono wangu akaongeza: “Jumamosi mdogo wangu anaoa. Naomba unitolee vile viti vya stoo, vyote.”

Kwa msiba wangu niliviomba viti hivyo hivyo, nikaambiwa ningoje mashirika yote matatu yakubali. Nikangoja, mtu mzima mimi. Wazee waliokuja kumzika mama walikaa kwenye nyasi mbichi, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu.